Uzamivu wa Uhandisi wa Anga: Nani Hulipa, na kwa Nini

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi Nairobi au Dar es Salaam, akitaka kuendelea na uhandisi wa anga, kwa kawaida huanza kwa kusaka matangazo ya ufadhili. Hujaza fomu, husubiri miezi, na wengi hukosa. Naona huanzia mahali pagumu kuliko pote. Katika fani hii sehemu kubwa ya fedha imo ndani ya miradi ya utafiti, na hutolewa kama malipo ya kazi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kazi gani inatafuta watu, na anayeigharimia anataka nini?

Marekani inaonyesha jambo hili waziwazi. Profesa wa huko huandika andiko la mradi na kulipeleka NASA, National Science Foundation, Jeshi la Anga au kampuni ya ndege. Likikubaliwa, huajiri wanafunzi wa uzamivu wawe wasaidizi wa utafiti. Mwanafunzi hufanya kazi ya maabara kwa takriban saa 20 kwa wiki, na mara nyingi kazi hiyo hiyo ndiyo inayokuja kuwa tasnifu yake. Mradi humlipia ada, bima ya afya na posho ya kujikimu. Chuo nacho hukata fungu lake la gharama za majengo na uendeshaji. Ukijumlisha yote, mwanafunzi mmoja humgharimu profesa fedha nyingi kuliko ile posho iliyoandikwa kwenye barua ya kukubaliwa. Ndiyo sababu maprofesa husita kumchukua mtu wasiyemfahamu, hata mwenye alama nzuri sana. Wengine humwanzisha kama msaidizi wa ufundishaji, asahihishe mazoezi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, huku wakiangalia kama anafaa kwa mradi.

Utaratibu huo huwabeba zaidi wa uzamivu. Kwa uzamili, hasa ule usio na tasnifu, wanafunzi wengi hujilipia wenyewe, na ada za Marekani zinatisha. Lakini vyuo vingi vya huko humruhusu mwenye shahada ya kwanza kuomba uzamivu moja kwa moja na kupata uzamili akiwa njiani. Mwombaji mwenye alama nzuri na nia ya utafiti nisingemshauri aombe uzamili kwanza kwa kudhani ndiyo njia rahisi. Kwa upande wa fedha, ni kinyume kabisa.

Kuna kikwazo kingine ambacho wanafunzi wetu hukigundua wakiwa wamechelewa, nacho ni pasipoti. Roketi, makombora na vifaa vingi vya anga viko chini ya sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha, zijulikanazo kama ITAR. Kwa sheria hizo, kumwonyesha mgeni michoro au takwimu fulani za kiufundi ni sawa na kuzipeleka nje ya nchi, hata kama wote wawili wameketi katika maabara moja huko Texas. Baadhi ya ufadhili wa NASA kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kadhalika ule wa Wizara ya Ulinzi uitwao NDSEG, huhitaji uraia wa Marekani. Mtu anaweza kupata nafasi katika chuo kikubwa, kisha akakuta nusu ya miradi ya idara haruhusiwi kuigusa.

Hata hivyo sheria hizo zimeacha upenyo mpana. Utafiti wa msingi, ambao matokeo yake yatachapishwa wazi kwa kila mtu, haumo katika marufuku hayo. Humo kuna mtiririko wa hewa, mwako, nyenzo za nyuzi za kaboni, mienendo ya vyombo katika mzingo, na udhibiti wa ndege zisizo na rubani. Mwombaji amuulize profesa mapema, bila kuona haya: mradi huu uko wazi kwa raia wa kigeni? Maprofesa wamelizoea swali hili.

Japani ina sababu tofauti ya kulipa. Kyushu Institute of Technology, kwa ushirikiano na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu, ina ufadhili mahususi wa uzamili na uzamivu katika setilaiti ndogo, unaolengwa kwa nchi zinazoanza safari ya anga. Serikali ya Japani hulipa ada, nauli na posho. Chuo hicho ndicho pia kilichoanzisha mpango wa BIRDS, ambapo wanafunzi wa nchi kadhaa husanifu, hujenga na hujaribu setilaiti zao wakiwa masomoni. Wahandisi watatu wa Uganda, kwa udhamini wa serikali yao, waliijenga PearlAfricaSat-1 huko. Ilirushwa Novemba 2022 pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, na Desemba ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kwangu huu ndio ufadhili wenye tija kuliko wote kwa nchi zetu, kwa kuwa mwanafunzi hurudi akiwa ameshika kazi nzima, tangu karatasi ya kwanza hadi mawimbi ya redio yanayopokewa ardhini.

Kuhusu Ujerumani, wengi husema masomo ni bure. Kwa vyuo vingi vya umma ni kweli, lakini Chuo Kikuu cha Stuttgart, chenye moja ya idara kubwa za anga nchini humo, kiko katika jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Chuo cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka 2024. Chuo cha Aachen bado hakina ada hiyo. Uzamivu wa Ujerumani ni habari nyingine: mara nyingi ni ajira yenye mkataba na mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote.

Wanawake walio kwenye uzamivu wa anga wasiuache ufadhili wa Amelia Earhart wa Zonta International, ulioanzishwa 1938. Ni wa dola 10,000, na haubagui uraia.

Iliyobaki ni barua kwa profesa. Maprofesa hupokea barua nyingi zinazofanana, zenye sifa tele na zisizotaja utafiti wao. Soma makala zake mbili za karibuni, utaje tatizo moja ambalo hazikulimaliza, uambatishe hesabu au programu uliyoiandika mwenyewe kuhusu tatizo linalokaribiana nalo. Kurasa mbili zinatosha. Itume kufikia Septemba, maana vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi karibu na Desemba, na Septemba profesa huwa bado anapanga nani atalipwa na mradi gani mwaka unaofuata.