Wanawake na kazi ya avoka: pale sheria inaponyamaza

Siku hizi katika tribunali za nchi yetu tunaona wanawake walio maavoka, na wengine ni waamuzi. Vijana wanafikiri ilikuwa hivi tangu zamani. Sivyo. Na kwa kuwa sheria zilizoandikwa za Kongo zilitoka kwa sehemu kubwa katika zile za Ubelgiji, yafaa tutazame namna mlango huu ulivyofungwa na kufunguliwa huko. Ndani yake mna fundisho kwa kila mtu anayeitwa kukata maneno ya watu: padri, katekista, mzee wa parokia.

I. Mambo yalivyotokea

Marie Popelin alizaliwa Schaerbeek, karibu na Bruxelles, mwaka 1846. Kwa miaka mingi alifundisha wasichana. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima alipoanza kusoma sheria katika chuo kikuu cha Bruxelles, na mwaka 1888 akapewa daraja la dokta wa sheria, wa kwanza kati ya wanawake wa Ubelgiji. Kisha akaomba kuapa mbele ya tribunali ya rufani, kwa maana pasipo kiapo hakuna awezaye kuwa avoka. Tarehe 12 Desemba 1888 waamuzi wakamkatalia. Akapeleka neno lake kwa tribunali ya juu kuliko zote, ile ya kasasioni. Nayo ikakataa, mwaka 1889.

II. Sababu walizotoa

Shida haikuwa elimu yake. Kazi ya maavoka iliongozwa na dekreti ya Napoléon ya mwaka 1810, na dekreti hiyo haikusema popote kwamba mwanamke amekatazwa. Basi waamuzi walitafuta sababu nje ya maandiko: udhaifu wa mwili wa mwanamke, haya yake, uzazi, malezi ya watoto, ulinzi wa nyumba. Na wale wa kasasioni wakaongeza: mtunga sheria hakuandika katazo kwa sababu aliona ni jambo lililo wazi mno, lisilohitaji kuandikwa.

Wanaosoma sheria za Roma watakumbuka kwamba katika Digesta mwanasheria Ulpianus anaeleza namna pretori alivyokataza wanawake kusema katika baraza kwa ajili ya wengine, na anamtaja mwanamke mmoja, Carfania, aliyewasumbua waamuzi. Lakini tuangalie tofauti. Pretori alitoa katazo waziwazi. Dekreti ya 1810 ilinyamaza.

III. Je, kunyamaza ni kukataza?

Kodeksi ya Eklezia inatuonyesha njia. Kanoni 18 (katika Kodeksi ya 1917 ilikuwa kanoni 19) inaagiza kwamba sheria yenye kutia adhabu, ama yenye kupunguza uhuru wa mtu wa kutumia haki zake, ifasiriwe kwa kubana, isitanuliwe. Ni kweli, waamuzi wa Bruxelles hawakuongozwa na sheria ya Eklezia. Lakini akili ya kanuni hii ni ya haki kwa watu wote: ikiwa katazo lililoandikwa halitanuliwi, namna gani tutaunda katazo lisiloandikwa?

Mtu atajibu: «Kanoni 27 inasema kwamba desturi ni mfasiri bora wa sheria; na desturi ilikuwa wanaume peke yao.» Ni jibu lenye nguvu, wala tusilipite mbio. Desturi inafasiri sheria pale watu walipoweza kutenda hivi ama vile, wakachagua. Lakini kabla ya Popelin hakukuwa na mwanamke wa Ubelgiji mwenye daraja la dokta wa sheria. Ni nani basi angeomba kuapa? Mahali ambapo hakuna aliyeweza kuomba, hatuwezi kusema kwamba desturi imekataa.

IV. Mlango unafunguliwa

Katika Ufaransa Jeanne Chauvin, naye dokta wa sheria, alikataliwa mwaka 1897. Palamenti ikatunga sheria ya tarehe 1 Desemba 1900, na mwezi uleule Olga Petit na Chauvin wakaapa. Ubelgiji ilikawia. Sheria ya 1890 iliwaruhusu wanawake kufanya kazi ya udaktari na ya dawa, lakini si ya avoka. Popelin alifariki mwaka 1913 pasipo kuapa. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1922 ndiyo iliyofungua, tena nusu tu: mwenye mume alihitaji ruhusa ya mume wake. Kiti cha mwamuzi kilingoja mpaka mwaka 1948.

V. Na kwetu?

Neno hili la ruhusa ya mume halikuwa mbali nasi. Kodeksi ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, katika kifungu 448, ilimwagiza mwanamke mwenye mume apate ruhusa yake kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kazi atakayoifanya mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imekigeuza kifungu hicho: sasa mume na mke wanatakiwa kupatana.

Katika Eklezia vilevile, kanoni 1483 haimwombi avoka kuwa mwanaume. Inaomba umri, sifa njema, ujuzi na kibali cha Askofu. Tangu Kodeksi ya 1983, Baraza la Maaskofu linaweza kuruhusu mlei, mume ama mke, awe mwamuzi pamoja na wengine (kanoni 1421). Na tangu 2015, katika maneno ya ndoa, wawili kati ya waamuzi watatu wanaweza kuwa walei, mradi padri ama shemasi awe mkubwa wao (kanoni 1673).

Ndugu wasomaji, mara nyingi tunaketi kusikiliza mashauri ya jamaa. Mjane anasema, na mtu anamkatiza: «Kwetu mwanamke hasemi juu ya shamba.» Hapo tuulize kwa upole: Katazo hilo limeandikwa wapi? Nani alilitoa? Ikiwa hakuna jibu, tumwache mjane aseme mpaka mwisho, na akihitaji avoka tumwonyeshe njia. Waamuzi wa Bruxelles walikuwa watu wenye elimu kubwa. Hata hivyo walichukua mazoea yao wakayaita sheria. Sisi nasi tujichunge.