Kwa Nini Hawadumu Kazini

Mokambo ni mji mdogo wa mpakani upande wa Kongo, unaotazamana na Mufulira ya Zambia, na riziki ya wakazi wake wengi hutokana na vipitavyo: malori, bidhaa na karatasi za forodha. Katika mji wa namna hii mwajiri asiyeangalia hupoteza watu kila mwezi, kwa kuwa mlinzi wa lango, mpakiaji wa mizigo na karani wa mizani wana wa kuwaajiri ng'ambo ya pili, na nyuma yao wana Lubumbashi, Kipushi na Likasi. Wenye kampuni hunung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi, ambaye shughuli yangu ni mambo ya waajiriwa, siioni dawa katika neno hilo, maana manung'uniko hayo ni ya kale kuliko vijana wenyewe.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, baada ya reli kuwasili kutoka kusini kwa njia ya Sakania. Vibarua wake waliandikishwa na Bourse du Travail du Katanga, shirika lililoanzishwa mwaka 1910, na aghalabu mikataba yao ilikuwa ya miezi michache tu; wakaugua, wakatoroka, ama wakarejea kwao muda ulipokwisha, ilhali ndio kwanza mikono yao imeanza kuizoea kazi. Kampuni ikawa kila siku inafundisha wageni. Kuanzia mwaka 1927 na 1928 ikageuza mwendo: ikaandika watu kwa miaka 3, ikawashawishi waje na wake zao, ikajenga nyumba, hospitali na shule, na posho ikatolewa kwa jamaa nzima. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliisifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1946.

Wanaoisimulia habari hii leo hukaa sana kwenye nyumba na posho. Kwa maoni yangu siri kubwa zaidi ilikuwa kwingine: mtu aliyebaki alifundishwa, na aliyefundishwa alipandishwa. Mwafrika wa Katanga alikabidhiwa mashine na treni katika zama ambazo, katika migodi ya Rodezia na ya Afrika Kusini, kazi kama hizo zilizuiliwa kwa Wazungu. Wala haikuwa ihsani, kwani fundi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo ya ujira wa Mbelgiji, na faida ilikuwa ya kampuni.

Lakini daraja za kupandishwa huko zilikuwa na kikomo, na kikomo chenyewe kilikuwa rangi ya ngozi. Desemba 1941, vita vilipokuwa vimepandisha bei za vitu, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesimama kuwa msemaji wa wenziwe. Walioongoza, basi, hawakuwa wageni wa juzi: walikuwa wale waliokwisha kupanda mpaka mahali pasipopandika tena. Kampuni iliyowafundisha hesabu iliwawezesha vilevile kukihesabu kilichopunguzwa.

Mwaka 1967 dola ya Kongo ikaitaifisha kampuni, iliyokuja kuitwa Gécamines, na watoto wa wachimbaji wakapata kuwa mafundi wakuu na wahandisi. Kisha ikaanguka, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Tangu hapo migodi imeingia mikononi mwa kampuni nyingi, na kazi za chini hupitishwa kwa makandarasi.

Hapo ndipo daraja zilipokatika. Mchukue karani wa mizani, ambaye kwa kuyatazama matairi tu hujua ekseli gani imezidiwa, na kwa kugusa karatasi hutambua mhuri ulio na shaka: mkandarasi akibadilika, miaka yake 4 hufutwa, naye huandikwa upya kibarua asiye na ujuzi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba kibarua wa siku akishafanya siku 22 katika muda wa miezi 2, ajira mpya ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa isiyo na kikomo. Wako waajiri wanaozihesabu siku hizo kwa uangalifu kuliko wanavyohesabu magunia, nao humwachisha mtu siku ya 21. Mtu kama huyo kuhamia Mufulira ni utovu wa subira?

Yupo atakayesema kwamba dawa ni fedha. Henry Ford, mwaka 1913, aliona watu wakibadilika kiwandani mwake kwa kiasi cha asilimia 370 kwa mwaka. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya ule wa kwanza, na wakatulia. Mwenye hazina ya Ford na afanye hivyo. Mwenye ghala la Mokambo, ambaye hana, aweza walau kuzihesabu siku za mtu anapotoka kwa mkandarasi huyu kwenda kwa yule, na kumpa cheo kiendacho pamoja na nyongeza, hata ikiwa ndogo. Cheo kitupu huudhi zaidi ya kutopewa kitu.

Wengine huogopa kwamba aliyefundishwa atachukuliwa na jirani. Wako watakaochukuliwa, sikatai. Lakini mwajiri tayari huchangia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye tawi Lubumbashi. Akilipa na asipeleke mtu, amelinunua darasa akaliacha tupu. Na kwa kuwa si kila mpakiaji aweza kuwa msimamizi, ziwepo pia daraja za ustadi, ili mwendesha winchi hodari apate zaidi ya anayejifunza bila kulazimika kuamrisha watu. Ningeanza na nafasi ya kapita, yaani msimamizi wa vibarua: itangazwe ukutani kabla ya kutafutwa mtu wa nje, na walioikosa waambiwe ni kipi kilichowapungukia, na ni lini watajaribiwa tena.