Histeria: Kutoka Hamaki Hadi Miguu Kukosa Nguvu

Histeria ni neno lililoingia kutoka Kiingereza, na linabeba maana zaidi ya moja. Katika mazungumzo ya kawaida humtaja mtu aliyezidiwa na hisia hata akashindwa kujizuia: analia, anapiga kelele, anacheka bila cha kuchekesha, au yote hayo kwa mpigo. Abiria wa gari la Noah linalopanda kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba akimfokea dereva njia nzima kwa sababu ya nauli, Mwingereza anaweza kusema amepatwa na histeria. Daktari hasemi hivyo. Kwake huyo ana hasira tu, na Kiswahili kina maneno yake ya kutosha: amehamaki, amepandwa na jazba, mori umemshika. Kiingereza cha mitaani kimekwenda mbali zaidi, kwani humo neno hili humaanisha pia kichekesho cha kuvunja mbavu.

Lakini kwa karne nyingi neno hili lilikuwa jina la ugonjwa. Asili yake ni neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi, kwa kuwa waganga wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba mfuko huo unaweza kuhama mahali pake na kumfanya mwanamke akose pumzi au azimie. Imani hiyo ilikufa, lakini tabia ya kuwabambikia wanawake histeria haikufa, na pengine huo ndio urithi mbaya kuliko wote wa neno hili. Mwanamke akilalamikia maumivu, ilikuwa rahisi kumwambia ana histeria kuliko kumpima.

Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alionyesha kwamba wanaume nao hupatwa na hali hiyo. Mwaka 1895 Sigmund Freud na Josef Breuer walichapisha kitabu chao kuhusu histeria, wakidai kwamba machungu yasiyosemwa huweza kujitokeza mwilini. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaleta maelfu ya wanajeshi waliotetemeka, waliopoteza sauti au kushindwa kutembea bila jeraha lolote miguuni. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliliondoa jina la histeria katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili. Hali zenyewe zilibaki, zikapewa majina mengine. Leo hutambuliwa kuwa mwili unaweza kupooza, kutetemeka au kuzirai wakati vipimo havionyeshi kidonda wala vijidudu, na mgonjwa hafanyi maigizo.

Matumizi ambayo bado yana nguvu ni histeria ya kundi, na mfano wake mashuhuri duniani unatoka Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wilaya ya Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika ripoti ya tukio hilo mwaka 1963, walieleza jinsi hali ilivyomjia mtu: ghafla, baada ya kuwa karibu na aliyekwisha kupatwa, kicheko na kilio vilimshika kwa dakika chache au saa chache, vikatulia, kisha vikarudi. Baadhi walihangaika na kupambana na waliowashika. Walipoulizwa, walisema wanahisi vitu vinazunguka kichwani au wanaogopa kuwa kuna mtu anawafukuza. Hakukuwa na kifo, na vipimo havikupata sumu wala maambukizi.

Hadithi inayopendwa ni kwamba watu walicheka miezi mfululizo. Si kweli, kwani hakuna pumzi ya kufanya hivyo. Kilichodumu ni wimbi lenyewe, lililohama na wasichana walioruhusiwa kwenda nyumbani. Katika eneo la Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa mwezi Aprili na Mei. Isitoshe, kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Huenda kilitokana na shinikizo: nchi ilikuwa imepata uhuru chini ya miezi miwili kabla, matarajio ya wazazi kwa watoto wa shule yalikuwa makubwa, na bweni ni mahali ambapo mwenye hofu hana pa kukimbilia.

Bweni linaonekana tena Kenya. Mwezi Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, kaunti ya Kakamega, wasichana zaidi ya 90 walipelekwa hospitali wakiwa wameishiwa nguvu za miguu. Mitandao ya kijamii ilisambaza video zao kabla vipimo havijatoka, na maofisa walipotaja histeria wazazi wengi walikasirika, wakidhani wanaambiwa kwamba watoto wao wanajifanya.

Vijijini, hata katika milima ya Usambara nchini Tanzania, tukio kama hilo huitwa mapepo au mashetani, na wa kwanza kuitwa mara nyingi ni mchungaji, shekhe au mganga. Dua haimdhuru mtoto. Madhara huanza pale anapotafutwa mchawi, kwa kawaida mwanafunzi mwenzao au mwalimu asiyependwa, kwa maana hofu hupata mtu wa kumwangukia na wimbi likaongezeka nguvu.

Hata hivyo milima hii ya Usambara ina pia historia yake ya kuwatunza wenye shida za akili. Lutindi, upande wa Korogwe, palianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako wagonjwa wamekuwa wakifanya kazi shambani na katika karakana kama sehemu ya tiba. Magamba nako ndiko Kanisa la Kilutheri lilikojenga chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu na wataalamu wa afya ya akili.

Wimbi kama hilo likizuka shuleni, hatua ya kwanza ni kuwaondoa watazamaji. Walioanguka hutenganishwa, kila mmoja na mtu mzima mtulivu, bila kofi, bila maji ya kumwagiwa usoni, bila simu ya kupiga picha. Mganga wa zahanati huangalia kwanza yale yanayoua: malaria kali, sumu ya chakula, homa ya uti wa mgongo. Anayeanguka hata akiwa peke yake, akajing'ata ulimi au kujikojolea, huenda ana kifafa, naye anahitaji kupimwa na kupewa dawa, hata kama siku hiyo darasa zima limeanguka pamoja naye.