WILLIAM SMITH, MTOTO WA MHUNZI ALIYESOMA MAWE

Ndugu msomaji, umewahi kuchimba kisima? Kama umechimba, umeona kwamba ardhi ina matabaka. Juu kuna udongo mweusi. Chini yake pengine kuna mfinyanzi, kisha mchanga au mwamba. William Smith wa Uingereza aliyatazama matabaka ya nchi yake, akayaandika.

Smith alizaliwa mwaka 1769 katika kijiji cha Churchill. Baba yake alikuwa mhunzi. Alifariki Smith akiwa na miaka 8. Smith alisoma shule ya kijiji tu, kisha akajifunza kupima ardhi.

Alishuka katika migodi ya makaa ya mawe. Baadaye alisimamia uchimbaji wa mfereji wa kupitishia mashua za makaa. Humo aliona kwamba matabaka hufuatana kwa utaratibu uleule. Aliona pia konokono na chaza wa kale waliogeuka mawe. Kila tabaka lilikuwa na aina zake. Basi kwa kuokota konokono wa jiwe, alijua yuko tabaka gani, na chini yake kuna nini. Maarifa hayo yaliwaokoa watu wasipoteze fedha kwa kuchimba makaa mahali yasipokuwapo.

Mwaka 1799, mjini Bath, Smith aliwatajia rafiki zake wawili matabaka hayo. Mmoja wao akaandika. Karatasi ile ilinakiliwa, ikasambaa. Lakini Smith alichelewa kuchapisha kazi yake, na wengine wakapata kuyatumia maarifa yake.

Ramani yake kubwa ya miamba ilitoka mwaka 1815, miaka 16 baadaye. Haikumtajirisha. Mwaka 1819 alifungwa jela mjini London kwa sababu ya madeni. Heshima ilikuja mwaka 1831, wataalamu wa miamba walipompa nishani. Alifariki mwaka 1839.

Karatasi zake hazikupotea. Mpwa wake, John Phillips, ambaye Smith alimlea, alizitunza. Leo zimo katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford.

Ndugu msomaji, nawe sasa unajua kuandika. Ukichimba kisima, andika tarehe, kina, matabaka uliyoyakuta, na mahali maji yalipotoka. Andika na jina lako. Weka karatasi mahali pakavu, mbali na mchwa. Jirani yako akitaka kuchimba, mpe aisome. Usingoje miaka 16.