Mpulizia Dawa Naye Ni Mfanyakazi

Katika kata nyingi za Bukoba na Muleba, kazi ya kupambana na wadudu waharibifu iko mikononi mwa kijana mmoja mwenye bomba la mgongoni. Leo huitwa kupulizia nyanya, kesho kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, keshokutwa kufukuza kunguni katika nyumba ya kulala wageni au bweni la shule. Hulipwa kwa bomba au kwa siku. Mara nyingi huifanya kazi hiyo akiwa amevaa fulana na kandambili, na akimaliza huenda nyumbani kwake na nguo zilezile. Makala haya yanaeleza hatari anayoibeba mtu huyu, mafunzo anayopaswa kupewa, na wajibu ambao sheria imemwekea yule anayemwita kazini.

Wilaya ya Muleba haina haja ya kutafuta mbali mfano wa namna kazi hii inavyopaswa kufanywa. Mwaka 2006 wilaya ilikumbwa na mlipuko wa malaria. Mwaka uliofuata Serikali, kwa msaada wa Mpango wa Rais wa Marekani wa Kudhibiti Malaria, ilianza kupulizia dawa-ukoko katika kuta za ndani za nyumba zetu, yaani dawa inayobaki ukutani na kumuua mbu anapotua. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Kwa upande wa Bara, Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizofungua njia. Wakazi wengi wanawakumbuka wapulizia dawa waliokuja mlangoni wakiwa na kofia ngumu, kioo cha uso, barakoa, glovu ndefu, ovaroli na buti za mpira. Baadhi yao walikuwa vijana wa vijiji hivihivi.

Jambo ambalo wengi hawakuliona ni yale yaliyofanyika kabla na baada ya hapo. Katika kazi ya namna hiyo mpulizia hapewi bomba siku ya kwanza. Kwanza hupimwa afya, na mwanamke hupimwa ujauzito, kwa kuwa mjamzito na anayenyonyesha hawaruhusiwi kugusa dawa. Kisha hufundishwa kwa siku kadhaa, akitumia maji matupu katika bomba, hadi mkono wake uzoee kushika mpini kwa umbali wa sentimita 45 kutoka ukutani na kwenda kwa mwendo usiobadilika. Umbali huo una sababu. Akisogea karibu mno dawa huchuruzika na kupotea sakafuni. Akirudi nyuma mno huwa ukungu unaoelea, nao ukungu huo huishia katika pua yake mwenyewe.

Asubuhi hula kabla ya kuvaa ovaroli, kwa sababu akishavaa hali, hanywi wala havuti sigara mpaka aoge. Chupa au pakiti za dawa huhesabiwa anapozichukua na huhesabiwa tena anapozirudisha zikiwa tupu. Wenye nyumba huelekezwa kutoa vyakula na vyombo nje na kukaa nje kwa saa mbili baada ya dawa kupuliziwa. Jioni bomba husuuzwa kwa maji yaliyopangwa katika mapipa kwa mfuatano, na maji ya kwanza, yenye dawa nyingi zaidi, hutumika kuchanganyia dawa ya siku inayofuata. Maji yanayobaki humwagwa katika shimo maalumu lenye tabaka za kokoto, mkaa na maranda, lililochimbwa mbali na visima na vijito. Ovaroli hazipelekwi nyumbani. Hufuliwa palepale kituoni na wafuaji waliovaa glovu, maana ovaroli ikifika nyumbani atakayeifua ni mama au dada, katika beseni analoogeshewa mtoto.

Dawa yenyewe ilibadilika, na hapa pana fundisho ambalo halijasemwa vya kutosha. Ya kwanza ilikuwa lambda-saihalothrini, ya jamii ya pairethroidi. Jamii hiyohiyo hutiwa katika vyandarua na katika dawa nyingi za bustani. Watafiti waliokusanya mbu wilayani Muleba mwaka 2011 walithibitisha kwamba mbu wetu wamekuwa sugu kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo ikaja bendiokabu, ya jamii ya kabamati, na baadaye pirimifosi-methili, ya jamii ya oganofosfeti, inayouzwa kwa jina la Actellic 300 CS. (Ni katika wilaya hii pia ambako, kuanzia mwaka 2014, ulifanyika utafiti mkubwa wa vyandarua vya aina mpya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike. Muleba ina haki ya kujivunia jambo hilo.) Kila dawa ilipobadilishwa, mafunzo nayo yalilazimika kubadilika, kwa kuwa madhara yake mwilini hayafanani.

Pairethroidi humwonya mtu upesi: uso huwaka na ngozi huwasha. Oganofosfeti na kabamati hazina onyo la namna hiyo. Mwilini mwetu mishipa ya fahamu huiamuru misuli kwa kutoa kemikali, na kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huiondoa kemikali hiyo ili misuli ipumzike. Viuadudu vya jamii hizi mbili huizuia kolinesterasi isifanye kazi. Mdudu hufa kwa sababu hiyo, na binadamu hudhurika kwa njia ileile. Kwa kabamati mwili hurejea hali yake baada ya muda mfupi. Kwa oganofosfeti kolinesterasi yaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika kiwango chake, hivyo anayepulizia siku tano mfululizo huilimbikiza hatari kidogo kidogo bila kusikia lolote, hadi siku ya sita anapoanguka. Ndiyo maana wapulizia wanaotumia dawa za jamii hizi wanastahili kupimwa damu kabla ya kazi na wakati wa kazi, na anayeonekana kiwango chake kimeshuka huondolewa kwenye dawa na kupewa kazi nyingine.

Msomaji asidhani kwamba dawa hizi ziko mbali naye. Pirimifosi-methili ndiyo iliyomo katika unga wa Actellic ambao wengi wetu tunachanganya na mahindi na maharage ghalani. Tofauti iko katika kipimo na namna ya kuandaliwa.

Sumu hupita zaidi kwenye ngozi kuliko puani, jambo ambalo huwashangaza wengi. Bomba linalovuja mgongoni hulowesha fulana, na fulana iliyolowa huigandisha dawa juu ya ngozi mchana kutwa. Jasho na joto huongeza kasi ya kupenya. Ngozi ya kichwani na ya sehemu za siri hupitisha sumu kwa wepesi kuliko ile ya kiganja, hivyo anayekwenda haja bila kunawa hujidhuru kuliko anavyojua. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi. Haizuii mvuke wa dawa.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi wa Kagera kwa namna ya pekee. Kwingineko shamba liko mbali na makazi. Kwetu nyumba imo katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba, mibuni na maharage, na jiko liko hatua chache kutoka kwenye mche unaopuliziwa. Upepo wa ziwani ukivuma, dawa ya nyanya huingia chunguni. Kwa hiyo sheria inapozungumza juu ya mahali pa kazi, kwa familia nyingi za Kamachumu, Izigo, Kemondo au Katerero mahali hapo pa kazi ni uani kwao.

Sasa tuitazame sheria. Kwa miaka mingi usalama kazini ulisimamiwa na sheria ya viwanda iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, na shamba halikuwa katika fikra zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 iliifuta na kupanua ulinzi hadi mashambani, maghalani, madukani na maofisini. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mwajiri anatakiwa kusajili mahali pake pa kazi, kutoa mafunzo, kugharamia vifaa kinga pasipo kumkata mfanyakazi, na kuhakikisha kwamba anayefanya kazi za hatari anapimwa afya kabla ya kuanza, wakati wa ajira na anapoondoka. Neno kugharamia ni la msingi. Mwenye ghala anayemwambia kibarua aje na glovu zake amehamisha wajibu usiohamishika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, na inataja kilimo waziwazi. Mwanafunzi aliye likizo asipewe bomba la dawa, hata kama ni mtoto wa mwenye shamba na hata kama ameomba mwenyewe.

Viuatilifu vyenyewe viko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao yake makuu Ngaramtoni, Arusha. Mamlaka hii husajili dawa, hutoa vibali kwa wauzaji, na husimamia wanaofanya biashara ya kupulizia na kufukiza. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni mjini Bukoba anayemwita mtu wa kuua kunguni ana haki ya kuomba kibali chake, na anafanya vema akikisoma. Dukani nako, kopo lisilo na namba ya usajili wala maelezo ya Kiswahili halifai kununuliwa, na dawa iliyopimwa katika chupa ya soda haifai hata kuguswa. Mstari wa rangi kwenye lebo husaidia hata asiyesoma vizuri: nyekundu ni sumu kali sana, njano hufuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Ndogo zaidi haina maana ya kutokuwepo.

Mfanyakazi akidhurika, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa msingi wa sheria ya mwaka 2008. Hulipa matibabu na fidia kwa ajali na pia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Michango yake hutolewa na mwajiri peke yake na haikatwi katika mshahara. Shule binafsi, hoteli, maghala ya kahawa na mashamba yenye vibarua wa kudumu vinahusika moja kwa moja.

Wapo watakaouliza: je, kijana niliyemwita kwa saa mbili kupulizia nyanya zangu ni mwajiriwa wangu? Wanasheria wanaweza kubishana juu ya hilo siku nzima. Kolinesterasi haisomi mikataba. Kwa mwenye kibanja, njia ya busara ni kumchukulia kama ambavyo timu za dawa-ukoko ziliwachukulia watu wao: ale kwanza, avae mikono mirefu, suruali, buti na glovu za mpira zisizo na tundu, bomba lijaribiwe kwa maji kabla ya kutiwa dawa, apulizie asubuhi au jioni kukiwa shwari, aupe upepo mgongo, na apate maji na sabuni ya kuogea kabla ya kuondoka. Glovu na buti kwa pamoja hazizidi gharama ya safari moja ya kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Afisa ugani wa kata anaweza kuelekeza vipimo vya dawa ya mazao, na afisa afya wa kata anaweza kuelekeza mambo ya nyumba. Hakuna ada ya kuwauliza.

Dalili zinazopaswa kuwashtua walio karibu ni jasho jingi, mate kumtoka, machozi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, kuhara, misuli kuchezacheza na kifua kubana. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nanyi wenyewe mkinge mikono yenu. Msimtapishe. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, si dawa ya sumu hii na yasimcheleweshe njiani. Mpelekeni haraka katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, mkiwa na kopo la dawa au lebo yake. Ipo dawa iitwayo atropini inayopinga sumu za oganofosfeti na kabamati, lakini daktari anahitaji kujua mgonjwa amedhuriwa na nini.

Yabaki makopo. Kopo lililokwisha lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe katika bomba, yapuliziwe shambani pamoja na dawa. Kisha litobolewe lisiweze kutumika tena, litunzwe mbali na watoto, na afisa ugani aulizwe pa kulipeleka. Lisichomwe jikoni, lisitupwe mtoni, wala lisioshwe kwa ajili ya kuwekea mafuta ya taa, maziwa au rubisi. Plastiki hunywa dawa, na hakuna sabuni inayoweza kuitoa.