Mtoto Asiyeanza Shule Hahitaji Bahari ya Desemba

Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, tiketi za treni ya Madaraka Express za wiki ya Krismasi huwa adimu, na ofisi za mabasi za River Road na Accra Road jijini Nairobi hujaa watu wanaouliza nauli ya Mombasa imepanda hadi ngapi. Miongoni mwao ni wazazi wa watoto wa miaka miwili, mitatu, kutoka Kangemi, Kawangware, Uthiru na Kileleshwa, waliojinyima mwaka mzima ili watoto wao waione Bahari Hindi. Nia yao ni njema na safari yenyewe ina maana. Kosa liko kwenye tarehe. Familia ambayo watoto wake wote hawajaanza shule haina sababu ya kwenda Pwani Desemba, na ikienda wakati huo inalipa zaidi na kupata kidogo. Msimu wake ni ule wa kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi, wakati ambao karibu kila mtu jijini amesharudi kazini na anadhani likizo zimeisha.

Kalenda ya shule ndiyo iliyotuzoesha Desemba. Shule zetu hufunga mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti, na ule mfungo mrefu unaotufikisha Januari. Aprili masika huwa yanaingia, na Mei ndio mwezi ambao Mombasa hunyeshewa kuliko mwezi mwingine wowote. Agosti ni kusi. Upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, maji hutibuka, na mwani hutupwa ufuoni kwa marundo. Inabaki Desemba, ambapo kaskazi imeanza kuvuma na bahari imetulia. Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya Tano amebanwa kwelikweli, na hakuna wa kumlaumu akipigania tiketi ya tarehe ishirini. Lakini mtoto huingia PP1 akiwa na miaka minne hivi. Kabla ya hapo hana mwalimu wa kuombwa ruhusa wala karo inayoliwa bure. Kaskazi nayo haiishi Desemba, huendelea hadi Machi, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote Pwani. Mzazi wa mtoto wa miaka miwili ana miezi miwili mizuri ambayo mwenzake wa Gredi ya Tano hawezi kuigusa, kisha anaiacha ipite na kwenda kusukumana naye kwenye foleni moja Desemba.

Tujiulize kwanza mtoto mdogo anafuata nini baharini. Haogelei, hajui jina la hoteli, na mandhari hayamshughulishi. Anataka mchanga ulioloa, maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu, na vidudu vinavyotembea. Vyote hivyo huletwa na kupwa na kujaa kwa maji, jambo ambalo wakazi wengi wa Nairobi huligundua wakiwa wameshafika. Bahari ya Mombasa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na siku za bamvua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huzidi mita tatu. Sehemu kubwa ya ufuo kati ya Malindi na Diani imekingwa na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi, kwa hiyo maji yakipwa huacha eneo pana la mchanga na vidimbwi vyenye joto, kina chake hakifiki magoti ya mtu mzima. Humo mna samaki wadogo kama kucha, konokono wanaojivuta, na kaa wanaobeba makombe ya wengine. Mtoto akichuchumaa juu ya kidimbwi kimoja anaweza kukaa hapo saa nzima, akiingiza kidole na kukitoa, akiingiza na kukitoa. Mvishe viatu vyepesi vya plastiki tu, maana kwenye miamba kuna miiba, na usimwache atie mkono kwenye shimo asiloliona ndani.

Saa za maji nazo si fumbo. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na katika siku hizo bahari ya Mombasa hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Baada ya hapo saa husogea mbele kwa takriban dakika hamsini kila siku, mpaka wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka: maji hujaa asubuhi, tena bila kupanda sana. Kwa familia yenye mtoto mdogo, siku tano zinazoizunguka bamvua zina faida isiyopatikana kwa hela. Asubuhi mnatembea vidimbwini jua likiwa bado linavumilika, mchana mtoto analala kivulini, jioni maji yanamfuata mchangani. Mwenye uhuru wa kuchagua wiki yoyote ya Februari huchagua hiyo kwa kutazama mwezi. Aliyefungwa na Krismasi hupokea bahari jinsi atakavyoikuta.

Uzuri mwingine ni kwamba eneo hilo la mchanga na vidimbwi si la hoteli yoyote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga anaouchimba mtoto mbele ya hoteli ya kifahari ni wake kama ulivyo wa mgeni aliyelala humo. Familia inaweza kupanga nyumba ya kawaida Bamburi, Shanzu au Ukunda, mwendo mfupi kutoka ufuoni, ipike uji wake na samaki wake, na mtoto akapata bahari ileile. Nyumba hizo hupanda bei Krismasi na kushuka wageni wakiondoka. Februari mwenye nyumba ndiye anayekutafuta, na bei mnazungumza.

Desemba hali huwa nyingine kabisa. Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu wengi wanauita Pirates, hufurika siku ya Krismasi, siku inayofuata na Mwaka Mpya. Kuna ngamia, wapiga picha, wauza viazi karai na mabuyu, na maboya ya kukodi yamepangwa kwa mamia. Kwa kijana wa miaka ishirini hiyo ni raha tupu, na simnyimi. Kwa mtoto wa urefu wa mita moja ni msitu wa miguu, na akipiga hatua kumi mzazi hamwoni tena. Mtoto mdogo hazami kwa makelele kama katika filamu. Huzama kimya, kwa muda mfupi, kwenye maji yasiyomfika mtu mzima kiunoni. Kinga yake ni mkono wa mzazi ulio karibu kiasi cha kumshika, na umati huiharibu kinga hiyo. Boya nalo hudanganya: maji yakianza kupwa hulivuta kuelekea ndani, na mzazi aliyekaa mchangani akiamini mtoto yuko salama juu yake hujikuta akikimbia.

Safari yenyewe inaunga mkono hoja hii. Reli ya SGR, ambayo Madaraka Express hupita na iliyofunguliwa Mei 31, 2017, imefanya mwendo uliokuwa wa usiku kucha uwe wa saa tano au sita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500, mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja akilipa nusu na wa chini ya hapo akisafiri bure. Baba, mama, mtoto wa miaka mitatu na nusu na mtoto mchanga wa kubebwa watalipa shilingi 3,750 kwenda. Nauli hiyo ni ileile Februari na Desemba, lakini unachokipata kwa pesa hizo hutofautiana. Atokaye Kangemi au Kawangware lazima kwanza avuke katikati ya jiji kufika Syokimau, ama kwa treni ya mjini kutoka stesheni kuu, ama kwa gari kupitia Expressway inayoanzia James Gichuru. Akifika anapanga mizigo chini kwa mstari mbwa wa polisi wainuse, anaikusanya, anaipitisha kwenye mashine, anaonyesha kitambulisho. Taratibu hizo zinavumilika watu wakiwa wachache. Wakiwa wengi, na mtoto yuko mgongoni analilia maji, ni adhabu. Anayekosa tiketi huangukia basi, na Barabara ya Mombasa ya Desemba, yenye malori na magari yanayopitana kwenye njia mbili, si mahali pa kumpitisha mtoto kwa kulazimika. Kuhusu treni ya usiku pia nionye: huondoka saa nne na kukushusha Miritini kabla ya alfajiri, mtoto akiwa ameamshwa usingizini na nyumba mliyopanga bado haijafunguliwa.

Kuna malaria vilevile, ambayo wazazi wa Nairobi hawaizungumzii vya kutosha. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mtoto aliyezaliwa hapa hajawahi kupambana na ugonjwa huo, kwa hiyo mwili wake hauna kinga aliyoijenga mtoto wa Kwale au Kilifi. Mbu hupungua miezi mikavu, wakati Desemba inafuatia mvua za vuli. Hata hivyo hawaishi kabisa, na chandarua ni lazima mwezi wowote. Ni vyema pia kumwona daktari kabla ya kusafiri. Homa inaweza kuanza siku kumi au zaidi baada ya kuumwa, mkiwa mmesharudi Uthiru na kuisahau bahari. Mwambie mhudumu wa kliniki mapema kwamba mtoto ametoka Pwani, ili ampime damu badala ya kudhani ni mafua.

Pingamizi la kwanza, na lililo zito, ni la kazi na pesa. Wengi hupata likizo Desemba kwa sababu ofisi hufungwa, vyama hugawa akiba, na Januari inakuja ile Njaanuari ambayo kila Mkenya anaijua. Sipuuzi hilo. Lakini Njaanuari hutengenezwa na Desemba. Familia isiyo na karo ya kulipa, ikiziacha pesa za bahari zilale hadi mwisho wa Februari, itakuwa imeupita mwezi mgumu na kuingia sokoni bei zimelegea. Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na hakuna mahali inaposema zote ziangukie Krismasi. Mwenye kibanda Kawangware au duka la jumla mjini hana mwajiri wa kumpa likizo, ni kweli, lakini kwake Desemba ndio msimu wa mauzo. Akifunga wakati huo anapoteza zaidi ya nauli.

Wengine watasema Desemba ni ya familia. Naam, na kwa nyumba nyingi za Kangemi na Kawangware familia hiyo iko ushago, Kakamega, Vihiga au Bungoma, ambako nyanya anamsubiri mjukuu. Mwacheni ampate. Tatizo la miaka hii ni kwamba tunajaribu kubana nyanya na bahari kwenye wiki mbili zilezile, na mmojawapo lazima akose.

Kuna pia hoja ya joto: Februari na Machi Mombasa huwaka kuliko miezi mingine, na mtoto wa Nairobi hutoka vipele shingoni na mapajani. Hili halina jibu la kulimaliza, lina la kulipunguza tu. Tokeni kabla ya saa nne na baada ya saa kumi, mvalisheni pamba nyepesi, mpeni maji na maziwa mara kwa mara, mwogesheni maji baridi adhuhuri. Desemba yenyewe haiko mbali sana kwa joto, kwa hiyo anayekimbia Februari kwa sababu hiyo hakimbii mbali.

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba mtoto wa miaka miwili hatakumbuka chochote, kwa hiyo heri kungoja akue. Ni kweli kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya mambo yaliyowapata kabla ya miaka mitatu hivi. Lakini hatumnyimi mtoto hadithi za usiku wala hatuachi kumbeba mgongoni kwa kuwa atasahau. Anayoyapata mwili wake yanamjenga siku hiyohiyo: miguu inayojifunza kusimama kwenye mchanga unaozama, ngozi inayoonja chumvi, jicho la mtoto wa flati ya Kileleshwa linaloona mbali bila kugonga ukuta. Na kungoja kuna gharama. Akishaingia PP1, kalenda ya shule inamshika hadi utu uzima, na kaskazi ya Februari haitakuwa yake tena kwa zaidi ya miaka kumi.

Ombi langu ni kwa waajiri wa jiji hili, kuanzia benki za katikati ya mji hadi nyumba za Lavington zinazoajiri yaya mwenye mtoto wake mwenyewe. Mfanyakazi mwenye mtoto wa chini ya miaka minne akiomba siku tano za Februari, mpeni. Ni mwezi ambao kazi nyingi zimepoa, na siku hizo ni haki yake kisheria. Na wewe mzazi, usisubiri Novemba kuuliza tiketi. Tazama mwezi mpevu wa Februari unaangukia tarehe gani, kisha peleka barua yako ya likizo mapema.