Mzee Mwenye Mfuko Tumboni Asitengwe

Wako wazee wetu ambao, kwa ajili ya saratani au kujipinda kwa utumbo, waganga wa hospitali wamewapasua na kuutoa mwisho wa utumbo nje ya ngozi ya tumbo, ili choo kitokee hapo na kuingia katika mfuko. Huku kwetu Kasingirima, watu wakila katika sinia moja, mzee wa namna hiyo huogopa harufu kuliko maumivu. Basi huacha kuketi barazani, hata hupunguza chakula ili choo kisitoke, akazidi kudhoofika.

Haya hiyo si ya kwetu tu. Mwaka 1954 Elise Sørensen, muuguzi wa Denmark, alimwona dada yake anaogopa kutoka nyumbani asije akavujiwa mbele ya watu, naye akabuni mfuko wenye gundi ishikayo ngozi.

Basi jueni kwamba mfuko ulioshika vema hautoi harufu. Harufu ikisikika wakati usio wa kuumwaga, yamkini unavuja. Utazameni, msiifunike kwa ubani. Umwageni ukifika theluthi, maana ukijaa uzito wake huubandua. Kuubadili kwafaa asubuhi kabla ya kula, utumbo ukiwa umetulia. Osheni ngozi kwa maji safi ya vuguvugu, mkaikaushe. Msipake mawese wala mafuta yo yote, maana gundi haitashika. Tundu la mfuko lizidi lile la tumbo kwa milimita 2 au 3 tu, kwa kuwa choo huichoma ngozi.

Nyama ya utumbo yapasa kuwa nyekundu na yenye unyevu. Damu kidogo wakati wa kuosha si ya kutisha. Lakini ikigeuka nyeusi, au choo kikikoma huku tumbo likiuma na mgonjwa akitapika, msikawie, mpelekeni hospitali ya Maweni.

Katika chakula, vitunguu, mayai, samaki na maharage huweza kuongeza harufu au hewa. Walakini kumnyima mzee dagaa na migebuka katika nchi ya ziwa ni kumwadhibu bure. Ajaribu kimoja kimoja, aache kile tu kimsumbuacho. Aliyetolewa utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi. Anywe mara kwa mara, na choo kikizidi apewe ile dawa ya chumvi na sukari itolewayo hospitali.

Tena msimkabidhi baba kwa mkwewe pasipo kumwuliza, maana kwetu wakwe huoneana haya. Achague mwenyewe wa kumsaidia, na akiweza kujihudumia, aachwe ajihudumie. Watoto wafundishwe kutoziba pua mbele yake. Sinia ikiletwa, na awekewe nafasi yake ile ile ya siku zote.